Kuchimba, kukagua makabati ya makumbusho au kufanya kazi na data: njia tatu za kumgundua mtambaazi mpya wa bahari za kale

Vijana wa Kanda ya Ziwa wanaosoma jiolojia, biolojia au akiolojia, na ambao wamevutiwa na watambaazi wakubwa walioishi baharini enzi za dinosaria, hufika mahali wakakwama kwenye swali moja: mtu aende wapi akitaka kushiriki katika kugundua spishi ambayo bado haina jina? Wapo wanaoamini kwamba bila kushika sururu hakuna ugunduzi. Wapo waliosikia kwamba spishi nyingi hutoka katika makabati ya makumbusho, na siku hizi wapo wanaoambiwa kwamba kompyuta na picha za skana zinatosha. Njia zote tatu ni za kweli na zote zimechangia majina yanayokubalika, lakini hazimfai kila mtu kwa kiwango kile kile. Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya msomaji aliyeko Mwanza, Geita, Musoma au Bukoba ambaye anapaswa kuamua atumie wapi miaka yake ya masomo na fedha yake, ambayo mara nyingi si nyingi.

Miamba ya Mwanza na umri wake

Ni lazima tuanze na ardhi tunayoikanyaga, kwa sababu wengi huanza kwa kutafuta karibu na nyumbani. Majabali yanayoonekana kila upande wa jiji, kuanzia Mwamba wa Bismarck uliosimama majini hadi vilima vya Capri Point, ni ya graniti yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ziwa lenyewe lina takriban miaka 400,000 tu, na liliwahi kukauka mwishoni mwa kipindi cha barafu, kabla ya kujaa tena yapata miaka 15,000 iliyopita. Watambaazi wa baharini tunaowazungumzia, yaani ikthiosauri waliofanana na pomboo, plesiosauri wenye mapezi manne na mosasauri walio jamaa wa kenge na nyoka, waliishi kati ya miaka milioni 250 na milioni 66 iliyopita. Kwa hiyo mwamba wa hapa ni mzee mno na ziwa ni changa mno, na hakuna mfupa wa mosasauri utakaopatikana Ilemela au Nyamagana hata tukichimba kwa karne nzima.

Mwambao wa ziwa haukukosa visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, kabisa. Kisiwa cha Rusinga, upande wa Kenya, kina mabaki ya wanyama wa yapata miaka milioni 18 iliyopita, na hapo ndipo Mary Leakey alipopata mwaka 1948 fuvu maarufu la nyani wa kale. Hao walikuwa wanyama wa nchi kavu, na kwa hesabu ya miaka wamekuja baadaye sana. Anayetaka watambaazi wa baharini ndani ya Tanzania atazame ukanda wa pwani, hasa Lindi na Kilwa, ambako kuna matabaka yaliyotandazwa na bahari katika vipindi vya Jurasiki na Kretasia, ambavyo ni vya enzi za dinosaria. Kutoka Mwanza hadi Lindi kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,500, na umbali huo unapaswa kuingia katika hesabu tangu mwanzo.

Vigezo vya kulinganishia

Kila njia hapa chini imepimwa kwa vigezo vinne: mahitaji ya kuanzia, muda unaopita tangu mfupa uonekane hadi jina lichapishwe, nguvu ya ushahidi unaopatikana, na aina ya mtu anayefaa kuifuata.

Kigezo cha ushahidi kinahitaji maelezo zaidi, kwa sababu ndicho kinachowaponyoka wengi. Kwa mujibu wa kanuni za kimataifa za majina ya wanyama, jina jipya ni lazima lichapishwe, liambatane na maelezo yanayomtofautisha mnyama huyo na wengine, na lifungwe kwenye kielelezo mahususi ambacho watafiti wengine wataweza kukirejea. Tangu mwaka 2012 machapisho ya kielektroniki yanakubaliwa, mradi yasajiliwe katika orodha rasmi iitwayo ZooBank. Mfupa hauwi spishi mpya siku unapotoka ardhini. Huwa spishi mpya pale mtu anapokuwa ameulinganisha na jamaa zake wote wanaojulikana na kuonyesha, sifa kwa sifa, kwamba hauingii katika jina lolote lililopo. Njia tatu zinatofautiana kwa jinsi zinavyomweka mtu mbali au karibu na kazi hiyo ya kulinganisha.

Zoezi linalohitajika katika njia zote

Kabla ya kuchagua, jicho linapaswa kuzoea mifupa, na hapa mkazi wa Mwanza ana bahati. Katika soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, mapanki ya sangara, yaani mifupa inayobaki minofu ikishaondolewa, hupatikana kwa bei ndogo. Chukua panki moja, lichemshe, ondoa nyama kwa mswaki, lianike, kisha tenganisha pingili za uti wa mgongo na uzipange kutoka shingoni hadi mkiani. Utaona kwamba kila pingili ina shimo mbele na nyuma, kama vikombe viwili vidogo vilivyogusanishwa vitako. Pingili za ikthiosauri nazo zina mashimo pande zote mbili, ila ni fupi na pana, na wingi wake hufanya uti wa mgongo uonekane kama safu ya visahani. Pingili ya mosasauri ni tofauti: mbele ina bonde na nyuma ina nundu ya mviringo inayoingia katika bonde la pingili inayofuata, na hivyo ndivyo ilivyo pingili ya kenge anayeota jua kwenye mawe ya ufukweni. Ya plesiosauri ina nyuso zilizokaribia kuwa bapa, na kwa upande wa chini ina vitundu viwili vidogo ambamo mishipa ya damu ilipita. Mtu aliyeshika pingili za sangara mikononi mwake na kuona zinavyobadilika kuelekea mkiani hatadanganyika kirahisi kwa kudhani kwamba pingili mbili za ukubwa tofauti ni lazima ziwe za wanyama wawili.

Tahadhari moja: mifupa ya kenge na mamba ni nyara za serikali, na kukaa nayo bila kibali ni kosa la jinai. Itazame katika mikusanyo ya vyuo au makumbusho, na nyumbani ubaki na sangara.

Njia ya kwanza: kuchimba

Mahitaji. Nchini Tanzania visukuku vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na mtafiti anahitaji kibali cha utafiti kutoka COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, pamoja na leseni ya uchimbaji kutoka Idara ya Mambo ya Kale. Anahitaji pia ramani za kijiolojia, gari, watu, gundi ya kuimarisha mfupa unaotaka kusambaa, na magunia ya kuchovya katika plasta, ile inayotumika hospitalini kufungia waliovunjika mifupa. Gharama kubwa huja baada ya hapo, kwa maana kila siku moja ya uchimbaji inaweza kudai wiki nyingi za kusafisha maabarani, tena kwa sindano na brashi. Kazi hii ni ya timu na ya taasisi, na sijaona namna mtu mmoja anavyoweza kuibeba peke yake kwa njia halali.

Muda. Ni mrefu kuliko wageni wa fani wanavyodhani. Ikthiosauri mkubwa wa Nevada, Marekani, aitwaye Cymbospondylus youngorum, alionekana mara ya kwanza mwaka 1998 kwa pingili chache zilizochomoza mwambani, akachimbwa karibu mwaka 2015, na jina lake likachapishwa mwaka 2021. Fuvu lake lina urefu unaokaribia mita 2, na mnyama mzima anakadiriwa kuwa alizidi mita 17. Hapa kwetu mfano ulio karibu ni wa dinosaria: mifupa iliyoonekana mwaka 2004 katika bonde la mto Mtuka, mkoani Songwe, ilichimbwa kwa misimu kadhaa na kupewa jina Mnyamawamtuka moyowamkia mwaka 2019. Nafurahi kila ninapoliona jina hilo katika jarida la kimataifa, na natamani siku moja lipatikane la aina hiyo kwa mnyama wa bahari ya Lindi.

Nguvu ya ushahidi. Hapa ndipo uchimbaji unapozishinda njia nyingine. Mfupa uliochimbwa vizuri huja na tabaka lake, konokono na amonaiti (jamaa wa kale wa ngisi waliokuwa na kombe) wa tabaka hilo wanaosaidia kukadiria umri, mkao wa mnyama alivyolala, na wakati mwingine chakula kilichobaki tumboni. Taarifa hizo zikipotea hazirudi tena. Lakini kielelezo kimoja, hata kikiwa kikubwa, huenda kisitoshe. Mwaka 2016 mkusanyaji Paul de la Salle alipata kipande cha taya la ikthiosauri wa ajabu ufukweni Lilstock, Uingereza. Watafiti wakakieleza lakini hawakukipa jina, kwa kuwa hapakuwa na cha kukithibitisha. Mwaka 2020 msichana wa miaka 11, Ruby Reynolds, akiwa na baba yake, aliona vipande vya taya la aina hiyo hiyo katika ufuko wa Blue Anchor, na ndipo mwaka 2024 timu iliyoongozwa na mtaalamu wa visukuku Dean Lomax ilipochapisha jina Ichthyotitan severnensis. Mnyama huyo wa yapata miaka milioni 202 iliyopita anakadiriwa kufikia mita 25. Subira ya watafiti wale kati ya mfupa wa kwanza na wa pili ni ya kuigwa.

Inamfaa nani. Inamfaa mwenye afya ya kuhimili jua na safari ndefu, anayependa kufanya kazi na watu, na ambaye yuko au anaweza kuingia katika taasisi yenye vibali. Inamfaa pia mjiolojia. Mtu aliyefundishwa kusoma ramani na kupima mielekeo ya matabaka katika utafutaji wa dhahabu Geita tayari ana sehemu ya stadi zinazohitajika, ingawa atapaswa kujifunza miamba ya mashapo, ambayo ni tofauti kabisa na ile aliyoizoea.

Njia ya pili: makabati ya makumbusho

Mahitaji. Barua ya maombi kwa mtunzaji wa mkusanyo, kalipa ya kupimia mifupa, kamera, daftari, na usomaji mwingi wa machapisho ya zamani. Gharama kubwa ni nauli na viza, kwa sababu sehemu kubwa ya visukuku vya nchi yetu haiko nchini. Kati ya mwaka 1909 na 1913 wataalamu wa Kijerumani, wakitegemea mamia ya wafanyakazi wa Kitanganyika, walichimba Tendaguru, mkoani Lindi, na zaidi ya tani 200 za mifupa zilibebwa na wapagazi hadi bandari ya Lindi, kisha zikasafirishwa kwenda Berlin. Waingereza nao walichimba hapo hapo katika miaka ya 1920, na mifupa yao iko London. Jambo hilo linaniuma, na nadhani linapaswa kumuuma kila anayeingia katika fani hii, kwa sababu linamlazimu kijana wa Tanzania kuomba viza ili akapime mifupa iliyobebwa vichwani na watu wa kwao.

Muda. Unaweza kuwa mfupi, kwa kuwa mfupa umeshasafishwa na kupewa namba, ingawa kuulinganisha vizuri kunadai kutembelea mikusanyo mingi. Mwaka 2008 Dean Lomax, akiwa bado kijana asiye na shahada, alikuta katika makumbusho ya Doncaster, Uingereza, ikthiosauri aliyedhaniwa kuwa ni nakala ya plasta. Alikuwa mfupa halisi. Yeye na mtafiti mwenzake Judy Massare wakatumia miaka kadhaa kulinganisha umbo la mifupa ya mapezi yake na ya ikthiosauri katika makumbusho mbalimbali, na mwaka 2015 wakamtangaza kuwa spishi mpya, Ichthyosaurus anningae, kwa heshima ya Mary Anning, mwanamke wa Lyme Regis aliyechimba mifupa ya ikthiosauri na plesiosauri mwanzoni mwa karne ya 19.

Nguvu ya ushahidi. Faida yake ni wingi wa vielelezo. Mtu akiona wachanga na wazima, wadogo na wakubwa, anaweza kujua ni tofauti zipi zinatokana na umri na zipi ni za spishi. Hasara yake ni historia ya mfupa. Wauzaji wa karne ya 19 walizoea kuunganisha vipande vya wanyama tofauti na kujaza mapengo kwa plasta iliyopakwa rangi, na lebo nyingi za kale hazisemi tabaka wala mahali hasa. Hata hivyo mkusanyo uliotunzwa vizuri unaweza kuzaa jina baada ya karne nzima: mwaka 2007 pingili za shingo kutoka Tendaguru, zilizohifadhiwa Berlin, zilitangazwa kuwa za dinosaria mpya, Australodocus bohetii, kwa kumkumbuka Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji wa pale.

Inamfaa nani. Inamfaa mtu mtulivu, mwenye kumbukumbu nzuri ya maumbo, anayeweza kupima mfupa ule ule mara nyingi bila kuchoka, na ambaye ana matarajio ya kupata ufadhili wa masomo nje au nafasi katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Asiyependa kusoma maandishi ya kale ya Kijerumani na Kifaransa kwa msaada wa kamusi atapata shida.

Njia ya tatu: picha za skana na data

Mahitaji. Kompyuta yenye kumbukumbu ya kutosha, umeme wa uhakika na bando, kwani faili moja la picha za CT (skana ya eksirei inayoonyesha ndani ya mfupa) za fuvu linaweza kuwa na gigabaiti kadhaa. Programu zenyewe si kikwazo: 3D Slicer ya kutazama na kutenganisha mifupa katika picha ni ya bure, TNT ya kuchora mti wa ukoo ni ya bure, na hifadhi za MorphoSource na MorphoBank zina picha na majedwali ya sifa, yaani orodha za sifa za mifupa ya kila mnyama zinazotumika kuchora mti huo, ambayo mengi yake yako wazi kwa watafiti. Hakuna njia inayofunguka kirahisi zaidi kwa mtu aliyeko Mwanza.

Muda. Uchambuzi mmoja unaweza kukamilika kwa miezi michache. Kujifunza kuufanya sawasawa ndiko kunakochukua muda, kwa sababu programu itakupa jibu hata ukiwa umeingiza sifa kimakosa.

Nguvu ya ushahidi. Kwa kumpa mnyama jina, njia hii peke yake ni dhaifu. Jedwali hubeba makosa ya aliyelijaza mwanzo, na picha haionyeshi kila kitu ambacho jicho na kidole hukigundua katika mfupa wenyewe. Kwa kupima madai, hata hivyo, ina nguvu kubwa, na mfano wa Morocco unaonyesha hivyo. Migodi ya fosfati ya nchi hiyo imetoa mosasauri wengi, na baadhi ya vielelezo vimepita mikononi mwa wachimbaji na wauzaji kabla ya kuwafikia watafiti. Mwaka 2021 taya moja lenye meno yaliyobanana lilipewa jina Xenodens calminechari. Mwishoni mwa mwaka 2024 watafiti wengine, wakiongozwa na Henry Sharpe, walieleza sababu za kushuku kwamba huenda taya hilo lilitengenezwa kwa kuunganisha vipande, na wakashauri lipigwe picha za CT ili ijulikane kama meno yamekaa katika mfupa wake wa asili. Kwa maoni yangu, kielelezo chochote kilichonunuliwa kingepaswa kupita katika skana kabla ya jina kuandikwa.

Inamfaa nani. Inamfaa mwenye hesabu na takwimu nzuri, asiye na uwezo wa kusafiri kwa sasa, na anayekubali kwamba mwanzoni atakuwa mshiriki wa makala za wengine. Inamfaa pia mwenye majukumu ya familia ambaye hawezi kukaa porini kwa miezi.

Kuchagua kulingana na hali yako

Kama uko kidato cha tano au cha sita, bado huhitaji kuchagua. Jenga msingi wa biolojia, jiografia na hesabu, fanya zoezi la mapanki, na ulenge shahada ya jiolojia au akiolojia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma vyote vinafundisha jiolojia.

Kama umeshahitimu jiolojia na unafanya kazi migodini, uchimbaji ndio ulio karibu na stadi zako. Wasiliana na timu zenye vibali, omba kwenda nao msimu mmoja, na ukubali kuanza kwa kubeba plasta. Ikiwa huwezi kufika pwani, msimu wa mafunzo katika maeneo kama Oldupai utakufundisha nidhamu ya kurekodi, ingawa visukuku vya huko si vya watambaazi wa baharini.

Kama umepata au unatarajia ufadhili wa kusoma Ujerumani au Uingereza, tumia fursa hiyo kwenye makabati, kwa sababu mifupa ya Lindi iko huko na wewe utakuwa huko. Andika barua kwa mtunzaji miezi kadhaa kabla ya kufika, ukitaja namba za vielelezo unavyotaka kuona. Kama umeajiriwa Mwanza, una kompyuta na jioni zako, anza na data: pakua jedwali la sifa lililokwisha kuchapishwa, lirudie hadi upate mti ule ule walioupata waandishi, kisha uwaandikie kuhusu sifa unazoona zimejazwa visivyo. Watafiti wengi hujibu barua za namna hiyo.

Na kama wewe si mwanafunzi wala mtaalamu, ila umekwenda Lindi au Kilwa kwa harusi au biashara na ukaona kitu kinachofanana na pingili kimechomoza kwenye ukingo wa korongo, usikichomoe. Weka kalamu au sarafu kando yake kwa kipimo, kipige picha kwa karibu na kwa mbali, hifadhi mahali hapo kwenye ramani ya simu, na upeleke taarifa kwa uongozi wa kijiji pamoja na Idara ya Mambo ya Kale. Piga picha pia tabaka la juu na la chini yake, kwa sababu hilo ndilo swali la kwanza utakaloulizwa.